Tazama Picha Kabla ya Bei: Nilivyojifunza Kuchagua Kadi za Besiboli

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kitanzania anayesoma hapa Ohio, Marekani, aliniandikia ujumbe ulioanza kwa "Shikamoo mzee wangu" na kuishia kwa picha za kadi mbili za besiboli, yaani vipande vya karatasi ngumu vyenye picha za wachezaji, alizozikuta katika duka moja, akaniuliza anunue ipi, kwa kuwa fedha aliyokuwa nayo ilitosha moja tu. Ya kwanza ilikuwa kadi ya kampuni ya Fleer ya mwaka 1982, imefungwa ndani ya kasha la plastiki na kupewa alama 10, iliyo ya juu kabisa, maana yake haina hata mkwaruzo. Ya pili ilikuwa kadi ya mchezaji Thurman Munson iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1971, pembe zake zimelika na kingo zake nyeusi zimechunika hadi weupe wa karatasi unaonekana. Marahaba, mwanangu. Najua kwamba wengi wenu mnaosoma hapa mnataka kile ninachokitaka mimi, yaani mkusanyiko ambao mtu akiufungua baada ya miaka thelathini bado atasita kuufunga, na kwa sababu hiyo nimeona jibu nililompa nilieleze kwenu kwa urefu.

Ninayo pia furaha ya kuwashirikisha. Mwezi uliopita maktaba ya mtaa wetu hapa Akron ilitundika ukutani kadi zangu 60, nilizozichagua kwa kigezo kimoja tu, nacho ni ubora wa upigaji picha. Hakuna hata moja ambayo bei yake ingemshtua mtu. Hata hivyo nimewaona watu wasiojua lolote kuhusu besiboli wakisimama mbele yake, wakiinama, wakivua miwani na kuivaa tena. Nimekuwa nikikusanya kadi hizi kwa miaka ishirini na miwili, na siku ile ya ufunguzi nilihisi kwamba nimelipwa.

Macho haya niliyapata Tanga. Baba yangu alikuwa na studio ndogo ya picha katika Barabara ya 12, Ngamiani, na kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kushika ubao mweupe ulioakisi mwanga usoni mwa mteja. Baba alinifundisha kwamba jicho la mtu lisipokuwa na nukta ya mwanga ndani yake, picha hiyo imekufa, hata kama nguo na tabasamu ni za sikukuu. Alinifundisha pia kupaka rangi kwa mkono juu ya picha nyeusi na nyeupe, wekundu kidogo mdomoni, ukahawia shingoni, kwa brashi nyembamba kama unyoya. Sikujua wakati ule kwamba watu wa mbali sana walikuwa wamefanya kazi hiyo hiyo: kadi mashuhuri za Topps za mwaka 1952 zilitokana na picha nyeusi na nyeupe zilizotiwa rangi kwa mkono. Miongoni mwake imo ile ya mchezaji Mickey Mantle, ambayo nakala yake moja iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6. Ninazo kadi tano za kawaida za seti hiyo, za wachezaji wasiotajwa sana, na kila nikizitazama mashavu yao naiona brashi ya baba.

Kadi ya kwanza kunisimamisha ilikuwa hiyo hiyo ya Munson. Nilikuwa nikifanya kazi ya usiku katika ghala, na mzee mmoja tuliyefanya naye kazi aliiweka mezani wakati wa mapumziko, kwa uangalifu kama mtu anayeweka picha ya marehemu. Kwa kweli ilikuwa hivyo, maana Munson alizaliwa hapa Akron, akakulia Canton, akafa kwa ajali ya ndege yake tarehe 2 Agosti 1979 karibu na uwanja wa ndege unaohudumia miji hiyo miwili. Mimi sikujua habari hizo. Nilichokiona ni picha: imelazwa kwa mapana, Munson, aliyekuwa mdakaji, yupo chini kabisa kwenye kituo cha nyumbani, mkimbiaji anateleza kumwelekea, na kati yao limetanda vumbi ambalo mwanga umelishika likabaki hewani. Kingo nyeusi za kadi zinaifunga picha hiyo kama dirisha la chumba chenye giza. Nilimwuliza mzee yule nani aliyeipiga. Alinitazama kwa mshangao, kwa sababu katika miaka yote aliyokuwa nayo hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo, na kwenye kadi yenyewe hakukuwa na jina.

Kabla hujaidharau kadi ya zamani kwa sababu mchezaji amesimama tu kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, fahamu ugumu wa kazi yenyewe. Filamu ya rangi ya Kodachrome iliyotumika mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa na kasi ya 10 tu, yaani ilihitaji mwanga mwingi mno, na mtu aliyekimbia mbele yake aliacha ukungu. Ndiyo maana wachezaji wengi walipigwa wakiwa wamesimama juani, mara nyingi katika mazoezi ya kabla ya msimu kule Florida. Ndiyo maana pia kadi ya mchezaji Pee Wee Reese katika seti ya kampuni ya Bowman ya mwaka 1953 ni ajabu kwangu hadi leo. Reese yuko hewani, amemruka mkimbiaji anayeteleza chini yake, na mkono wake unautupa mpira. Bowman hawakuandika jina wala chochote mbele ya kadi hizo. Waliiacha picha iseme yenyewe. Wengi huamini kwamba tukio lile lilipangwa kwa ajili ya kamera. Baba yangu angesema kwamba hilo halipunguzi kitu, kwani hata bibi harusi hupangwa akae vizuri.

Sasa nitaeleza jambo ambalo bado linaniuma. Miaka kumi iliyopita nilizipeleka kadi zangu arobaini kwenye mnada wa kadi katika ukumbi wa hoteli, si kwa kuuza, bali kutafuta mtu wa kuzungumza naye. Muuzaji mmoja mwenye meza kubwa alizipitia kwa kidole gumba kama mtu anayehesabu noti chakavu, kisha akaniambia, mbele ya wateja wake, kwamba picha haina bei, kwamba kinachonunuliwa ni pembe, kingo, uso wa karatasi na picha kukaa katikati ya kadi, na kwamba mtu aliyetoka nchi isiyocheza besiboli asingeweza kulielewa hilo. Nilizikusanya nikaondoka. Kwa mwaka mzima baada ya hapo nilifuata njia yake, nikanunua kadi zenye alama 10 na nyuso zilizofifia, na nikajikuta sizifungui hata siku za mapumziko. Nilipoziuza nilipata hasara, ingawa hasara iliyoniumiza zaidi ilikuwa ule mwaka mzima nilioacha kuyaamini macho niliyolelewa nayo.

Kwa hiyo nawasihi, tazameni picha kwanza. Lifunike jina la mchezaji kwa kidole, usahau timu yake na rekodi zake, kisha jiulize kama ungeitundika sura hiyo nyumbani kwako. Tazama macho, uone kama yana mwanga au yamezama ndani ya kivuli cha kofia. Tazama kivuli kimeangukia wapi, kwa sababu kivuli kirefu cha jioni huipa sura umbo, ilhali jua la saa saba mchana huifanya bapa. Tazama kilichopo nyuma: watazamaji waliofifia taratibu ni uzuri, lakini mlingoti unaoota kichwani mwa mtu ni uzembe wa mpigaji. Kisha rudi tena kwenye macho. Ukifanya hivyo na kadi mia moja, ya mia na moja haitakudanganya.

Seti ya Fleer ya mwaka 1982 itakuonyesha haraka ninachokisema. Picha zake nyingi zina ukungu, na kadi ya John Littlefield ilitolewa awali ikiwa imechapwa kinyume, mrushaji wa mkono wa kulia akaonekana wa kushoto. Topps nao walikwishafanya kosa la namna hiyo mwaka 1957 kwa Hank Aaron, na namba 44 kwenye jezi yake ikasomeka kama inavyosomeka kwenye kioo. Watu hufurahia makosa kama hayo na kuyalipia. Mimi huhuzunika, kwani najua kuna mtu aliyesimama juani kuipiga picha ile vizuri, kisha mwingine akaigeuza pasipo kuitazama.

Siku za neema kwa watu wenye mapenzi kama yangu zilikuja mwishoni mwa miaka ya 1980. Upper Deck walipoingia mwaka 1989 walitumia karatasi nyeupe na uchapaji safi, wakaweka picha ya rangi hata nyuma ya kadi, na kadi yao namba 1 ilikuwa ya kijana Ken Griffey Jr., iliyopigwa na V. J. Lovero. Kofia yake ilibadilishwa ili ionekane ya Seattle Mariners, kwa sababu alipopigwa picha alikuwa akiichezea timu ya daraja la chini ya San Bernardino, lakini tabasamu lile halikuguswa na mtu. Miaka miwili baadaye Topps walitoa seti ya Stadium Club, ambayo picha ilijaa kadi nzima bila pindo, na humo Nolan Ryan, mrushaji aliyeogopwa kuliko wote, anaonekana amevaa suti nyeusi ya sherehe na tai ya kipepeo. Mwenye kipato kidogo aanzie na Stadium Club, kwa kuwa ni rahisi kuipata na kila kadi yake ni somo la mwanga.

Nilipoandaa lebo za maktaba nilitaka kila kadi iwe na jina la aliyeipiga. Baba hakuitoa picha studioni bila kugonga muhuri wake nyuma, na aliniambia kwamba picha isiyo na muhuri ni mtoto aliyetelekezwa. Katika kadi 60 niliweza kuandika majina mawili tu kwa uhakika. La kwanza ni la Lovero. La pili ni la Carl Horner wa Boston, ambaye picha yake ya studio ndiyo iliyozaa kadi ya mchezaji Honus Wagner ya mwaka 1909. Yangu ni nakala ya kisasa, na nimeiandika hivyo. Lebo nyingine 58 nimeziachia mstari mtupu mahali pa jina la mpigaji, na msichana mmoja wa shule alimwuliza mkutubi kama mistari ile ilisahauliwa.

Kijana wangu nimemwambia amnunue Munson, na achunike atakavyochunika. Amenijibu jana kwamba amemnunua. Maonyesho yatafungwa mwisho wa mwezi huu, nami nimeitoa moja ya kadi zangu katika safu ya juu, karibu na dirisha, ili yake ikae pale akija nayo Jumamosi.