Kuzamia Mnemba ukiwa na mafua

Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kuzamia na mtungi wa hewa kisiwani Mnemba, Zanzibar, Jumamosi asubuhi huku una mafua, kisha jioni upande ndege kurudi Mwanza. Yote mawili, hapana.

Mafua huziba njia ya hewa kati ya koo na sikio. Maumivu huanza hata kabla ya mita 3, na ukilazimisha kushuka, ngoma ya sikio inaweza kupasuka. Wala usitegemee dawa ya kuzibua pua: ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa hunaswa wakati wa kupanda. Ukishapona, unaposhuka bana pua upulize taratibu, mapema na mara kwa mara, kabla sikio halijauma. Likikataa, panda kidogo ujaribu tena.

Ndege isubiri angalau saa 18 baada ya kuzamia, gesi ya naitrojeni uliyoivuta ukiwa chini itoke mwilini kwanza.

Mengine mkufunzi atakuonyesha, ila hili lishike tangu leo: usibane pumzi kamwe. Hewa uliyovuta mita 10 hutanuka mara mbili ukifika juu, na mapafu huchanika. Na kwa mara ya kwanza, bila kozi, mtu asikupitishe mita 12, hata akikwambia kasa wako chini zaidi.