Kwa mama wa kijana anayevuta mkono badala ya kuongea

Dada, nimeusoma uzi wako mara mbili. Kijana ana miaka miwili na miezi mitatu, maneno yake hayafiki kumi, akitaka kitu anakushika mkono na kukuvuta mpaka kilipo, lakini ukimwambia alete kiatu analeta. Mama mkwe anasema ni udata, yaani uzi wa chini ya ulimi ni mfupi, akakatwe. Shemeji anasema watoto wa kiume huchelewa, mvute subira. Jirani anataka muache lugha moja kati ya mbili mnazozungumza nyumbani. Na kuna mdau hapo juu kaleta ile ya mwanasayansi Einstein, kwamba eti naye alichelewa kuongea, ambayo haikosekani kwenye mada hizi.

Mimi ni baba wa wawili. Wa kwanza aliwahi kuongea mpaka tukawa tunamwomba apumzike. Wa pili alitimiza miaka miwili akiwa na maneno sita, na moja kati ya hayo sita lilikuwa mlio wa pikipiki. Yote unayoambiwa na sisi tuliambiwa, hata la Einstein.

Anza na masikio. Najua utasema anasikia, maana nami nilisema hivyohivyo: nikifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili alikuwa anafika kabla sijaitoa ya kwanza. Tukaenda kupima ili tu tusije tukalaumiwa, akakutwa na majimaji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili. Hakuwa na homa wala usaha, na hajawahi kushika sikio akilia. Aliyempima alinieleza hivi: zamisha kichwa kwenye maji halafu mtu aongee nawe akiwa nje. Sauti unaipata, unajua kuna mtu anaongea, lakini zile sauti nyembamba kama s, f na t zinapotea, maneno yanabaki mvumo. Anayesikia mvumo atakurudishia neno gani? Kwa watoto wengi majimaji hayo hukauka yenyewe ndani ya miezi kama mitatu, kwa hiyo tuliambiwa turudi kupima tena kabla ya kuzungumzia vile vijibomba vinavyowekwa kwenye ngoma ya sikio. Yake yalikauka. Na kama mwanao alipimwa alipozaliwa akaonekana sawa, hilo lilikuwa jibu la siku ile. Majimaji haya huja baadaye, mara nyingi mafua yanapofuatana.

Udata naupita haraka. Uzi wa chini ya ulimi ukiwa mfupi unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na baadaye sauti fulani zikatoka vibaya. Lakini mwenye udata angekwambia "maji" kwa namna yake, nawe ukamwelewa kwa taabu. Wako hilo neno lenyewe hana, na mkasi hauleti maneno. Mama yangu alinuna wiki nzima tulipokataa kumpeleka mtoto akakatwe. Alikuja kusamehe.

Lugha mbili: msiache hata moja. Mtoto wa lugha mbili hugawa maneno yake, mengine yako huku, mengine kule, kwa hiyo yahesabiwe yote pamoja. Sisi tulipohesabu mara ya kwanza tuliruka ya lugha ya mama yake, tukajitisha bure. Halafu fikiria mwenyewe: mama akiacha lugha anayoimudu, inayomtoka bila kufikiri, akaanza kuongea na mwanawe kwa lugha ya kuokoteza, nani kafaidika? Mtoto kaongezewa ukimya tu.

Kuhusu subira, shemeji ana nusu ya ukweli. Watoto wengi wanaochelewa kuongea wakiwa na miaka miwili hufika wenyewe. Tatizo ni kwamba kwa umri huo hakuna anayeweza kumtazama wako akakwambia huyu yumo kwenye hao wengi au hayumo. Orodha za mtandaoni nazo zitakuchanganya. Kwa miaka mingi ilisemwa maneno 50 kufikia miaka miwili. Mwaka 2022 mamlaka ya afya ya Marekani, CDC, ilipanga upya orodha yake ikayaweka maneno 50 kwenye miezi 30, kwa kuwa sasa inaandika kile ambacho robo tatu ya watoto au zaidi wameshakifikia kwa umri huo. Lakini kuunganisha maneno mawili kulibaki kwenye miaka miwili. Vyovyote utakavyohesabu, maneno yasiyofika kumi kwa miezi 27 ni ya kupeleka kwa mtaalamu wa tiba ya usemi. Ukienda akakwambia mtoto hana tatizo, umepoteza asubuhi moja tu.

Sasa kuna jambo hukuliandika na mimi ndilo ninalolitaka zaidi. Kukuvuta mkono ni kuomba. Je, huwa anakuonyesha kitu bila kukitaka? Ndege akipita juu, ananyoosha kidole halafu anakugeukia usoni kuona kama na wewe umemwona? Kile kidole cha "tazama, mama" ni mazungumzo kabla ya maneno, na watoto wengi huwa nacho karibu na mwaka mmoja na robo. Kama hakipo, kama ukimwita jina hageuki ingawa masikio yamepimwa yako sawa, usikae kusubiri foleni ya mambo mengine. Mwambie mtaalamu hilo kwanza, kwa sababu ni kati ya vitu wanavyoviangalia wanapochunguza usonji (autism). Na mtoto aliyekuwa na maneno yakapotea, awe na umri wowote, huyo apelekwe mara moja.

Haya, sasa la nyumbani, ambalo ndilo lililoniaibisha mimi.

Mtaalamu wetu aliniambia nicheze na mtoto dakika tano, akanirekodi kwa simu yangu mwenyewe. Nikaona hapa nitang'ara. Tulipomaliza akanirudishia simu, akasema angalia peke yako na uhesabu maswali. Nilifika 41. "Hii nini? Gari linaliaje? Rangi gani? Liko wapi gurudumu? Sema gari. Sema ga-ri." Mtoto dakika ya tatu alishanipa mgongo. Lakini kilichoniuma ni kingine: mara mbili kwenye ile video alifungua mdomo, midomo ikajikusanya kabisa kama mtu anayetaka kutoa kitu, na mara zote mbili niliyejaza ile nafasi ni mimi. Nilikuwa nampa mtihani, tena mtihani ambao majibu nayajua, na simpi muda wa kuandika.

Alinipa kazi moja tu kwa wiki mbili: kaa sakafuni mpaka nyuso zenu zilingane, mwache achague cha kuchezea, sema unachokiona, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi. Tulitumia mapovu ya sabuni. Unapuliza mara moja, unaifunga chupa kwa nguvu asiweze kuifungua, unaishika mbele yake, unamtazama kama mtu anayesubiri habari njema, na unahesabu moyoni hadi kumi. Jaribu leo uone kumi ilivyo ndefu. Siku ya kwanza alilia. Siku ya tatu akanisukumia chupa na kunitazama machoni. Nikapuliza papo hapo, maana kutazama nako ni kusema. Ikaenda hivyo, na mwisho wa wiki ya pili nikiwa nimefika saba akasema "pu." Mke wangu alikuwa mlangoni na kikapu cha nguo. Hakuna aliyepumua. Nilipuliza mapovu mpaka kizunguzungu.

Angalia usije ukaligeuza hili kuwa "sema ndipo nikupe." Huko ni kumnyima, na mtoto anajua tofauti. Unasubiri, akitoa chochote, jicho, mkono, mlio, unampa, na unampa pamoja na neno lake: "Puliza!"

Neno likishatoka, liongezee moja tu. Akisema "gari," wewe "gari linakwenda." Akisema "lali," usimwambie siyo hivyo, mwambie "ndiyo, gari. Gari kubwa," alisikie sawasawa bila kuhukumiwa, r huchelewa kwa watoto wengi sana. Na kuna mtego kwenye lugha yetu ambao mimi niliuingia: kila alipotaka maji nilimwambia "unataka maji," kwa hiyo kwa wiki kadhaa alikuwa anakuja kwangu na kikombe, uso mkavu, "unataka maji." Kakopi kama nilivyosema! Tukabadilisha, tukawa tunalisema kama ambavyo yeye angelisema: "nataka maji." Akianza na "taka maji" bila kiambishi mbele, kubali, watoto wa Kiswahili huanza hivyo.

Katuni. Wangu alijua kuhesabu hadi kumi kwa Kiingereza kabla hajaweza kuomba maji kwa lugha yoyote, na sisi tulijisifu nalo mbele ya wageni. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake huko Marekani walichukua watoto wachanga wa miezi tisa, wakawasikilizisha Kichina cha Mandarin kwa vikao 12. Waliocheza na mtu halisi walianza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliopewa lugha ileile kwa video au kwa sauti tupu hawakupata kitu. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2019 halishauri skrini kabisa kabla ya miaka miwili, na kwa wa miaka miwili si zaidi ya saa moja kwa siku. Sisi hatukuweza kuizima kabisa, nisikudanganye. Tulichofanya ni kuacha kuiwasha pale ambapo hakuna anayeitazama, maana ile kelele ya nyuma ndiyo ilikuwa inatuzibia mdomo sisi wakubwa.

Vitabu na nyimbo navyo usiviache, ila usivigeuze darasa. Kitabu si lazima kisomwe. Akikwama ukurasa mmoja siku nne, kaeni hapohapo. Wimbo anaoujua, ishia kabla ya neno la mwisho, usubiri.

Kabla ya kwenda kwa mtaalamu, andika kwa wiki moja kila neno analosema, hata la kwake mwenyewe ambalo nyumbani tu mnalielewa, hata mlio wa pikipiki, na kando uandike alikuwa anataka nini. Mrekodi akicheza nyumbani bila kumwambia "ongea," kwa sababu akifika pale kwa wageni atakaa kimya na utaonekana mzushi. Wangu dakika 40 za kwanza alikuwa chini ya meza.

Hilo la kidole usilisahau. Mwangalie leo na kesho, kisha urudi hapa utuambie.