Muulize Fundi: RX 580 kwenye Dell nyembamba

Swali: Shikamoo fundi. Nahariri video za harusi hapa Makorora, Tanga. Natumia Dell OptiPlex 9020 ya kesi nyembamba, prosesa i5-4590, ramu GB 8. Video ya saa mbili inarenda (kutoa faili la mwisho) usiku kucha, na umeme ukikatika naanza upya. Nimepata kadi ya grafiki RX 580 iliyotumika, bei nzuri. Niichukue?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiichukue. Kadi yenyewe ni nzuri, ila mashine yako haiiwezi. RX 580 inakula wati 185. Fungua kesi usome kibandiko cha pawa saplai: utakuta wati 255 kwa mashine nzima, na waya wa kulishia kadi hamna. Sloti ya mazabodi inatoa wati 75, basi. Na kwa urefu wake haitaingia kwenye kesi hiyo.

Muuzaji atakwambia kuna kiunganishi cha kuipa kadi umeme. Hapo ndipo nakusihi unisikilize. Miaka kadhaa iliyopita, dukani kwangu Ngamiani, nilimfungia kijana mmoja kadi kubwa kwa kiunganishi kinachochukua umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya hadi diski. Ikawaka, tukafurahi. Siku ya tatu akarudi na mashine kwapani. Nilipofungua, harufu ya plastiki iliyoungua ikatoka. Plagi imeyeyuka, imegandana na ya diski, waya wa njano umekuwa kahawia. Kadi ilipona. Diski haikupona, na ndani yake mlikuwa na harusi ya watu ambayo haikuwa na nakala popote. Kosa lilikuwa langu, na bado linaniuma. Plagi ile kwenye volti 12 hupitisha wati 54 tu, wakati mdomo wa kadi wa pini sita unaruhusiwa kuvuta 75, na wa pini nane 150.

Kwa hiyo tafuta kadi isiyohitaji waya, na iwe ya kimo kifupi (low profile). GTX 1050 Ti ya GB 4 inatosha. GTX 1650 ni bora zaidi ukiipata ya kimo hicho. Zote mbili kwa kawaida ni wati 75, lakini zipo zilizowekewa mdomo wa umeme pembeni, hizo ziache. Nyingine ni nene, zinachukua nafasi mbili, kwa hiyo nenda na rula.

Utaonyeshwa pia GT 1030 na RX 6400, kwa kuwa zinatumia umeme kidogo. Kwa kazi yako zikatae. Zinacheza video vizuri, ila hazina ile sehemu ya chipu inayobana video (encoder) wakati wa kurenda, na wewe shida yako ndiyo hiyo hasa.

Usilipe kabla hujaiona ikifanya kazi. Zipo kadi za zamani zilizobadilishwa jina ndani zikauzwa kama 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z huzitambua nyingi na kuandika FAKE. Angalia na meno ya dhahabu ya kadi, yale yanayoingia kwenye sloti, maana upepo wetu wa bahari una chumvi. Yakiwa na ukungu kidogo, sugua taratibu kwa ufutio wa penseli. Yakiwa yameliwa, mrudishie mwenyewe.

Ila leo jioni, kabla hujatoa hata shilingi, ingia kwenye mipangilio ya programu yako ya kuhariri utafute Quick Sync. Hiyo i5 yako ina grafiki ya Intel ndani yake inayoweza kusaidia kurenda, na mara nyingi naikuta imezimwa. Iwashe, urende kipande cha dakika kumi, upime. Halafu ongeza ramu ya DDR3 ifike GB 16. Huenda ukaona kadi inaweza kusubiri msimu ujao wa harusi. Kuhusu umeme kukatika, hakuna kadi itakayokusaidia; renda kwa vipande, sherehe peke yake, ukumbi peke yake.

Ukinunua kadi, jua kwamba 1050 Ti na 1650 hazitoi VGA. Kama skrini yako ni ya waya wa bluu, nunua kigeuzi chenye chipu ndani. Na waya wa skrini uchomeke kwenye kadi, usiuache kwenye mazabodi. Wengi huniletea kadi wakisema imekufa, kumbe waya uko pale pale ulipokuwa jana.