ABA haigusi DNA: jibu kwa aliyeuliza kuhusu homoni na ukame

Mdogo wangu, umeuliza homoni ya ukame inawashaje jeni, na kwenye rasimu yako umeandika kwamba asidi ya absisiki (ABA) "inashika DNA". Hapo futa. Haishiki.

Fikiria breki. Mmea ukiwa na maji ya kutosha, vimeng'enya vya PP2C huvizima vimeng'enya vingine, SnRK2, kwa kuviondolea fosfeti. Udongo ukikauka, ABA huongezeka na kuingia ndani ya vipokezi vya PYR/PYL, kisha kipokezi na homoni kwa pamoja huizuia PP2C isifanye kazi. Homoni haikanyagi mafuta, inaachia breki tu. SnRK2 zikishakuwa huru hubandika fosfeti kwenye protini za ABF, na hizi ndizo zinazoshika DNA, kwenye kipande kiitwacho ABRE chenye kiini cha herufi za DNA ACGT, jirani na jeni za ukame kama RD29B, na kuziwasha. Vipokezi hivi vilitambuliwa mwaka 2009, kwa hiyo ukitumia kitabu cha zamani hutavikuta.

Usichanganye na kufunga stomata, vile vitundu vya jani vinavyopitisha hewa na mvuke. Mahindi yakifunga stomata saa saba mchana hayasubiri jeni: SnRK2 ileile hufungua mlango wa ioni uitwao SLAC1 kwenye seli linzi, zile zinazozunguka kila kitundu, na kazi inaisha ndani ya dakika chache. Jeni huja baadaye, zikitengeneza mathalani protini za LEA zinazolinda seli zisiharibike kwa kukauka.

Kwenye mtihani chora mishale, na ile miwili ya kuzuia iwekee kichwa bapa. Wengi hukosea hapo.