Je, elimu ya fiqhi pekee inamtosha msuluhishi wa ndoa?

Swali: Assalamu alaykum, Shekhe. Mimi ni mwalimu wa madrasa mkoani Tanga. Wanandoa hunijia niwasuluhishe, na sasa wazee wa msikiti wanataka niingie katika baraza la usuluhishi. Je, fiqhi niliyoisoma inatosha?

Jibu: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Maalim, fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, ni ya lazima, lakini peke yake haitoshi. Katika aya ya 35 ya Surat An-Nisaa, Mwenyezi Mungu ameamrisha kwamba panapokhofiwa mfarakano baina ya mume na mke, apelekwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, walipotaja sifa za waamuzi hao, hawakuishia kwenye uadilifu, bali walitaka pia mtu awe na busara ya kulifikia lile alilotumwa. Busara hiyo hujifunzwa.

Mtume (s.a.w.) alipomtuma Ali (r.a.) Yemen kuwa kadhi, alimuusia asihukumu baina ya wagomvi wawili mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Hapa ndipo sisi walimu tunapoteleza, kwa kuwa tumezoea kuulizwa na kujibu: mke hajamaliza kueleza, tayari tumekwisha kumsomea wajibu wa kumtii mume.

Kisome pia kisa cha Barira, alichokipokea Imamu Bukhari katika mkusanyiko wake wa hadithi. Alipoachwa huru utumwani alichagua kutengana na mumewe, Mughith, ambaye alikuwa akimfuata njiani huku machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume (s.a.w.) akamshauri amrudie, Barira akauliza kama hiyo ni amri, akajibiwa kuwa ni uombezi tu, naye akasema hana haja naye. Hakulazimishwa. Basi mimi na wewe tutapata wapi haki ya kumlazimisha mtu suluhu asiyoitaka? Na kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, waamuzi ni mawakili wa wanandoa, hawawezi kuwatenganisha bila idhini yao, ilhali katika madhehebu ya Maliki hukumu yao hupita hata bila idhini hiyo. Ujue umesimama wapi kabla hujaketi.

Sheria ya nchi nayo uisome. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinazuia shauri la talaka kufunguliwa mahakamani, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, mpaka baraza la usuluhishi lithibitishe kwa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Hati hiyo ikiwa na kasoro, shauri la watu hukwama, kwa hiyo kuandika kumbukumbu za kikao kwa usahihi ni sehemu ya amana yako.

Ninalolikhofia zaidi ni kipigo. Mke hatasema ukweli mbele ya mtu anayempiga, kwa hiyo kila mmoja msikilize faragha kwanza, na ukiona maisha yake yamo hatarini usimrudishe nyumbani kwa jina la subira. Mpeleke Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na suluhu ingoje.

Kwa mafunzo yenyewe, keti miezi kadhaa kando ya mzee aliyezoea kazi hii bila wewe kutoa uamuzi, umwombe afisa ustawi wa jamii wa kata yako akufundishe namna ya kuwahoji watu wenye majeraha ya moyo, na uwashauri wazee wa msikiti wamteue pia mwanamke mwenye elimu, kwani yapo mambo ya chumbani ambayo mke hatayatamka mbele yetu wanaume. Wallahu aalam.