Tunahamia Dodoma na binti yetu mwenye uoni hafifu: tumtafutie shule ya namna gani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mtumishi wa umma na nimepata uhamisho kutoka Mwanza kwenda Dodoma kuanzia Januari. Binti yetu wa miaka tisa ana ualbino na uoni hafifu. Anamaliza darasa la tatu katika shule ya kawaida yenye kitengo cha elimu maalumu, ambako husoma vitabu vya maandishi makubwa na kutumia lenzi ya kukuzia. Ndugu zetu wanashauri tumpeleke shule ya bweni ya wasioona. Mume wangu anapendelea shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza iliyo jirani na nyumba tutakayokaa. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba, mama. Ninashukuru kwamba umeuliza kabla ya kufunga mizigo, kwa kuwa wazazi wengi hunifikia mtoto akiwa tayari amekaa nyumbani miezi miwili.

Ushauri wa ndugu zako una historia yake. Kwa miaka mingi watoto wenye ualbino walipelekwa katika shule za wasioona, na baada ya mashambulizi ya kikatili yaliyoikumba Kanda ya Ziwa, bweni lilikuwa pia kimbilio la usalama. Shule ya Buigiri, iliyoko wilayani Chamwino mkoani Dodoma, imewahudumia watoto wasioona tangu mwaka 1950, na kwa mtoto anayehitaji kusoma kwa nukta nundu, yaani maandishi ya kupapasa kwa vidole, shule ya aina hiyo inampa ambacho shule ya kawaida mara nyingi haiwezi kumpa. Binti yako, hata hivyo, anasoma maandishi kwa macho yake. Iwapo mtaalamu wa macho hajasema kwamba uoni wake unapungua, mimi sioni sababu ya kumtenga na wazazi wake akiwa na miaka tisa ili akajifunze njia ya kusoma asiyoihitaji.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni upimaji mpya wa macho, tena si ule wa kuandikiwa miwani tu. Katika ualbino, sehemu ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, inayohusika na kuona vitu kwa undani haikukua kikamilifu, na ndiyo maana miwani husaidia lakini haimalizi tatizo. Omba maelezo ya maandishi yanayoeleza jinsi mtoto anavyoyatumia macho yake: anasoma herufi za ukubwa gani bila kuchoka, ubao anauona akiwa umbali gani, mwanga mkali unamwathiri kiasi gani, na kifaa gani kinamfaa kwa kazi ipi. Kama hutapata nafasi Mwanza, Hospitali ya Mvumi, ambayo nayo iko Chamwino, ina huduma ya macho.

Ukiwa na maelezo hayo, mwone Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri mtakayohamia. Yeye ndiye anayejua ni shule gani za kawaida zina kitengo, na ni walimu gani wenye taaluma hiyo waliopo kazini, maana kitengo kinaweza kuwa na jina mlangoni ilhali mwalimu wake amehamishwa. Kisha nenda ukakae darasani. Ninakusihi usafiri kabla shule hazijafungwa mwezi Desemba, kwa sababu ukifika wakati wa likizo utaonyeshwa majengo na kuelezwa mambo mazuri, lakini hutaona kinachotendeka mwalimu anapogeukia ubao.

Tazama kama mwalimu husoma kwa sauti kile anachokiandika. Tazama madirisha: jua la Dodoma ni kali, na mtoto wako akiketishwa dawati la mbele lakini akatazamana na dirisha, ataona kidogo kuliko angeketi safu ya tatu akiwa ameligeuzia dirisha kisogo. Macho ya watoto wengi wenye ualbino huchezacheza, nao hugeuza kichwa upande kutafuta pembe ambayo macho hutulia. Mwalimu asiyelijua hilo humwamuru mtoto akae sawa, na kwa amri hiyo humnyima uoni alionao. Nimeliona jambo hili mara nyingi, na huniuma kila mara, kwa kuwa kulirekebisha hakugharimu hata shilingi moja. Uliza pia kama ataruhusiwa kuvaa kofia pana na mikono mirefu, gwaride la asubuhi linachukua muda gani juani, na kama michezo inaweza kufanyika asubuhi au jioni.

Kuhusu shule ya jirani, ukaribu una thamani kubwa, na usalama wa njiani ni hoja ambayo siipuuzi. Tatizo langu ni lugha. Mtoto anayesoma kwa lenzi huona maneno machache kwa wakati mmoja na hukisia mengine kutokana na lugha anayoijua vizuri. Ukimbadilishia mji na lugha ya kufundishia kwa pamoja, unamwondolea egemeo hilo katika mwaka wa darasa la nne, ambao una upimaji wa kitaifa. Kama shule hiyo ina mwalimu mwenye taaluma na iko tayari kumpa muda, izingatieni. Kama haina, bora shule ya umma yenye kitengo kinachofanya kazi, hata ikiwa mbali kidogo.

Shule yoyote mtakayochagua, mwalimu mkuu aelezwe mapema kwamba mtoto huyu asajiliwe Baraza la Mitihani kama mwenye uoni hafifu. Usajili huo ndio unaomwezesha kupata karatasi ya maandishi makubwa na muda wa ziada, ambao ni dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine.

Mwisho, mnapoomba uhamisho, hakikisheni namba yake ya PREM, yaani namba ya utambulisho wa mwanafunzi, imeandikwa sawasawa, kisha ombeni nakala ya jalada lake la kitengo na sampuli za daftari zake. Ulizeni pia lenzi anayotumia ni ya nani. Kama ni mali ya shule itabaki Mwanza, na ni vema mtafute nyingine sasa ili asianze muhula bila kifaa.