Usinunue gia boksi kabla hujapima oili!

Mkuu, usimpe huyo fundi hata shilingi. Umesema ni BMW 325i ya 2006, inashtua ikishuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili, ukikanyaga mafuta inachelewa kuitikia, na umeshaambiwa "gia boksi imekufa, tafuta nyingine". Maneno hayohayo niliambiwa mimi, yakanitoa milioni 2.8 pale Ilala.

Yangu ilikuwa na ZF 6HP19, gia boksi ya otomatiki iliyotengenezwa na kampuni ya ZF. Haina stiki ya oili, basi fundi hakupima chochote. Alizunguka mtaa mara moja, akarudi na hukumu. Tukafunga ya mtumba, akaijaza ATF (oili ya gia boksi za otomatiki) ya kawaida, injini imezimwa, mpaka ikamwagika kwenye tundu la kujazia. "Imejaa." Haikuwa imejaa! Hii inapimwa injini ikiunguruma, oili ikiwa na joto la nyuzi 30 hadi 50, unalisoma kwenye mashine ya kupimia gari. Injini ikiwaka, pampu inavuta oili na kiasi kinashuka. Na inataka Lifeguard 6, oili ya ZF wenyewe, siyo ATF yoyote uliyoikuta dukani. Miezi minne tu, ikaungua.

Kinachonichoma mpaka leo ni kwamba ile ya kwanza ilikuwa nzima. Kabla hatujaishusha nilitandika gazeti chini ya gari usiku, asubuhi nikakuta doa la ukubwa wa kisahani. Nikampelekea fundi, akasema hilo ni jasho tu. Jasho! Fundi wa pili ndiye aliyenionyesha: plagi ya nyaya inayoingia kwenye gia boksi ina oringi, vile vipete vya mpira vya kuzuia oili, zikikauka oili inavuja kidogokidogo, ikipungua gia zinaanza kushtua. Nikakimbilia gia boksi yangu ya zamani. Yule fundi wa kwanza alishaiuza. Alikuwa ameibeba kwangu akiita chuma chakavu.

Na ukiambiwa oili hii haibadilishwi maisha yote, kataa. BMW walisema hivyo, lakini ZF walioitengeneza wanasema kilomita 80,000 hadi 120,000 au miaka 8. Filta imo ndani ya sampo ya plastiki, lile bakuli la oili chini ya gia boksi, kwa hiyo inabadilishwa sampo nzima.

Leo usiku tandika gazeti. Kesho mwambie akupimie mbele yako, injini inawaka, halafu urudi hapa utuambie joto lilisoma ngapi na oili iliyoingia ni lita ngapi.